Nashika Shilingi

Mheshimiwa, mimi si mbunge.
Mimi ni mpimaji wa macho, kijiji kwa kijiji,
tochi kichwani, kidole gumba
kikigeuza kope la juu taratibu
kama mtu anayefunua ukurasa uliolowa.
Toka Mlali hadi Pandambili
nimesoma kurasa hizo. Nyingi zina makovu.

Bi Sechelela wa Sagara ana kibano.
Mwanawe alikikata kwenye bati la paa,
akakikunja, akakinoa kwenye jiwe la kusagia.
Kila Jumatatu kabla jua halijakuwa kali
anakaa mlangoni, mjukuu wake Ndahani akimshikia kioo
ingawa kioo hakimwonyeshi kitu tena
(“ni mazoea,” anasema, “uso nao unataka mwenzake”)
anang'oa, moja moja, kope zilizogeukia ndani
kama miiba ya mgunga,
zikikwaruza mboni kila anapopepesa.
Hebu hesabu: mtu hupepesa mara ngapi
kabla chai haijachemka?

Alishapasuliwa. Mara mbili.
Mara ya kwanza kwenye darasa walilotoa madawati,
ya pili Mvumi, akarudi juu ya lori la karanga.
Kope zikanyooka msimu mmoja wa zabibu
kisha zikarudi, kama deni.
Akaniuliza, mkono wake ukiutafuta wangu:
“Mwanangu, mbona zinarudi?”

Mheshimiwa, sikuwa na jibu.
Swali lenyewe la utafiti ndilo hilo,
limeulizwa na mtu asiyewahi kushika kalamu,
na hakuna anayelipwa kulijibu.

Tulikuwa na mradi. Majokofu mawili, pikipiki moja,
na Nyemo wa maabara, aliyekuwa akipanga vichupa
huku akinong'ona namba kama anazibembeleza.
Fedha zilitoka ng'ambo, na ng'ambo walibadili mawazo.
Barua ilikuja, ina adabu nyingi.
Luku ikakata Ijumaa.
Jumatatu tulikuta maji sakafuni:
watoto mia nne na kumi
waliovumilia pamba ndani ya jicho, bure.
Nyemo siku hizi anauza vocha pale Kibaigwa.

Mtasema: maji kwanza, nyuso zikioshwa nzi watahama.
Leteni maji, nani atayakataa?
Lakini Sechelela ananawa, na kovu halinawiki.
Mtasema wagonjwa wamepungua. Wamepungua,
niliowahesabu ni mimi.
Ila aliyebaki hajapungua ndani yake,
giza lake ni zima.
Mtasema tutasoma ya wenzetu.
Wenzetu ugonjwa huu walishausahau,
na mgeni akija kukupima jicho
hupima kile alichotumwa.

Nilikaa jukwaa la wageni siku ya bajeti,
viatu vyangu vina vumbi, mlangoni nimeachishwa tochi.
Mabilioni yalisomwa, nikangoja neno macho.
Lilitajwa mara moja:
“macho ya dunia yanatutazama.”
Watu wakapiga meza.
Wakahojiwa, na waliosema ndiyo wakashinda.

Nyinyi mna desturi yenu humo ndani:
asiyeridhika hushika shilingi
ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo.
Mimi sina kiti, sina kipaza sauti.
Nina hii tu, sarafu ya mia,
Sechelela aliitambua kwa ukucha, ukingoni,
akanitia kiganjani akauliza,
“Umeme wa hilo jokofu ni shilingi ngapi?”

Basi nimeishika. Siirudishi
mpaka kuwe na mstari mmoja, wa fedha zetu wenyewe,
wenye jina la ugonjwa na tarakimu mbele yake,
mwaka huu, na mwaka unaofuata ambapo hakuna uchaguzi.

Jana nilipoaga, Ndahani alikuwa amekiweka kioo chini
anafikicha jicho la kushoto.
Huenda ni vumbi tu, upepo ulikuwa mkali.
Huenda.